Neno Nililomwandikia Mama

Mimi ni mwandishi wa barua. Meza yangu iko nje ya geti la ofisi za serikali, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na juu yake nina taipureta, bunda la karatasi, jiwe la kuzuia upepo na kikopo bapa cha wino wa zambarau kwa ajili ya wale wanaotia dole badala ya sahihi. Watu wanakuja na shida zao zikiwa uchi, mimi nazivalisha maneno, kisha zinaingia ndani zimechana nywele. Sijisifu. Ni kazi kama kazi nyingine, na ina uchafu wake.

Katika kazi hii "maskini" ni neno la bure. Kila anayekuja ni maskini, hata yule aliyeegesha pikipiki yake pale ukutani. Ukiandika "mimi ni maskini", karani wa ndani anaisoma barua huku anapiga miayo. Ukiandika "fukara", anainua jicho moja. Lakini ukiandika "hohehahe", anaweka kikombe chake cha chai mezani. Nimeyaona hayo kupitia dirisha lile kwa miaka ishirini na saba, kwa hiyo mtu asinifundishe. Maskini ana kidogo. Fukara hana. Hohehahe hana, na hana hata wa kumwambia kwamba hana.

"Niwekee lile neno lako," huniambia fundi viatu mmoja anayekuja kila mwaka na barua ile ile.

"Neno gani?"

"Si lile linalocheka!"

Namwekea. Ana nyumba ya vyumba viwili na mbuzi watatu, lakini namwekea, kwa sababu aliye mbele yangu ni mteja na aliye ndani ni karani, na mimi nakula katikati yao.

Neno hilo sikulipata kwa mteja. Nililiandika mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, na mtu niliyemwandikia ni mama yangu mzazi. Jambo hili sikuwahi kumweleza mtu mpaka mwaka huu, hata mke wangu, na ninapolieleza sasa masikio bado yananiwaka moto.

Mama anaitwa Mama Pasi. Hata wazoa taka wanamwita hivyo, na nadhani wengine wanaamini kwamba Pasi ndiye mimi. Alipiga pasi nguo za watu kwa miaka arobaini, katika chumba kimoja kilichokuwa cha kulala, jiko na kiwanda. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali na kutandikwa blanketi la kijivu lililojaa alama za kuungua. Kazi ikiisha, blanketi lile lile ndilo lililotufunika.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, yenye komeo la umbo la jogoo aliyekatika kishungi. Mama aliijaza makaa, akasimama mlangoni akiipunga mbele na nyuma mpaka yakaiva, akaipitisha juu ya kitambaa chenye nta ya mshumaa, kisha akalamba kidole na kuigusa chini haraka. Alijua kwa sauti ya mate tu kama moto ni wa pamba au wa hariri. Mimi nilijaribu mara moja nikatoka na lengelenge, akacheka mpaka akakaa chini.

Mtaa aliujua kupitia nguo. Alijua nesi gani analia akiwa kazini, kwa chumvi iliyokauka kwenye mkono wa gauni. Alijua ndugu wawili waliokuwa wakivaa suti moja kwa zamu, na hakumwambia mtu. "Nguo ikija na aibu, irudi na heshima," alikuwa akisema, "na mdomo wako uache ndani ya kabati." Mimi mwanawe sikuusikiliza huo ushauri, kama mtakavyoona.

Siku moja, nikiwa bado mdogo, jogoo wa pasi alifyatuka, kifuniko kikafunguka, na kaa la moto likamwangukia Mama kwenye dole gumba la mkono wa kulia. Hakulitupa upande wa shati, alilifinya akalirusha sakafuni, kwa sababu shati lilikuwa la mtu. Tangu siku ile tumbo la dole lile lina kovu lililonyooka, limelikata katikati. Likumbukeni hilo dole, maana mimi nililisahau.

Tulikuwa na shida, sikatai. Baba alitoka kwenda kutafuta kazi nikiwa sijaota meno, na nadhani mpaka leo anaitafuta. Kuna siku tulikula mara moja na kuna siku tuliuita uji chakula cha jioni. Lakini kaptula yangu ya shule ilikuwa na mkunjo wa kukatia nyanya, shati langu lilikuwa jeupe kuliko la mtoto wa daktari, na vyote vilinuka mkaa. Wenzangu waliniita Moshi. Nikipita walikohoa. Nilipokuwa mdogo nilicheka nao. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilianza kumchukia aliyenipigia pasi.

Nikafaulu kwenda sekondari. Ada haikuwepo wala haikuwa na njia ya kuwepo. Mwalimu mkuu akasema kuna kamati ya msamaha, mwanafunzi aandike barua mwenyewe, mzazi atie sahihi au dole. Kijana mmoja aliyekuwa tayari sekondari, ambaye barua yake ilikuwa imekubaliwa, akanivuta pembeni. "Usithubutu kusema mama yako ana kazi," akaniambia. "Mwenye kazi wanamwambia alipe."

Jioni ile Mama aliniambia cha kuandika huku akinyoosha mashuka ya hospitali. "Sema hivi: mama yangu ni mpiga pasi. Mikono yake haijawahi kunyooshwa kuomba, na leo anaunyoosha mmoja tu, kwa ajili yangu." Akakunja shuka. "Na usiniandike ombaomba, mwanangu. Andika shida, usiandike aibu."

Nikaenda kuandika darasani, mezani pa mwalimu, palipokuwa na kamusi isiyo na jalada. Nilitafuta neno zito kuliko maskini. Nilipita fukara, nikaliona halitoshi. Kwenye herufi ya H nikalipata. Nakumbuka nilivyofurahi, kama mtu aliyeokota kisu kizuri.

"Mama yangu ni hohehahe," niliandika. "Hana mume, hana ndugu, hana kazi. Hana kitu wala mtu."

Niliandika kwa karatasi ya kaboni ili ibaki nakala, kama tulivyofundishwa. Kisha nikarudi nyumbani, nikasimama karibu na taa, nikamsomea Mama barua ambayo haikuwepo. Nikamsomea mpiga pasi. Nikamsomea mikono. Neno kwa neno, kama alivyonielekeza, macho yangu yakiwa juu ya hohehahe. Mama alifuta mkono kwenye gauni, akachovya dole kwenye wino nilioazima shuleni, akalikandamiza kwenye barua, halafu kwenye nakala. "Umeandika vizuri sana," akasema.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba njaa ndiyo iliyoniandikisha, na hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba niliandika kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuitwa Moshi, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mtu mwingine angemwita mama yake vile mbele yangu ningempiga jiwe.

Kamati ilikubali. Mwalimu mkuu aliisifu barua yangu mbele ya shule, akasema nina kipaji. Na hapo ndipo uongo ulipoanza kuzaa. Kama mama yangu alikuwa hohehahe, angekujaje shuleni amevaa gauni la kola iliyonyooka, amebeba nguo za walimu alizozipiga pasi? Nikamwambia Mama kwamba sekondari wazazi hawaruhusiwi kuingia. Akaamini. Miaka minne alikuja mpaka getini, akampa mlinzi furushi la nguo zangu zilizopigwa pasi, akarudi. Siku ya kupokea zawadi, nilipopewa kitabu kwa insha bora, wazazi wa wenzangu walijaa ukumbini, na mimi niliomba Mungu mvua inyeshe ili nipate sababu ya kutomwonyesha mtu uso wangu.

Ile nakala Mama aliitunza ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti changu cha ubatizo na jino langu la kwanza. Ilikuwa hazina yake. Akija mgeni, chai ikishanywewa, kopo lilishuka. "Mwanangu, msomee mgeni barua ya mama." Nami nilisimama, mtoto kwanza, kisha kijana, kisha mtu mzima mwenye mke na ndevu, nikisoma maneno ambayo hayakuwemo. Mara moja ulimi uliteleza nikapita mbele.

"Umeruka," Mama akasema. "Hapo penye mikono."

Nikarudi nyuma nikasoma mikono. Mgeni alifuta machozi. Mimi nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mtu anaweza kuzoea chochote, na mimi nilizoea. Nilifungua meza yangu getini, barua ile ile ikawa mama wa barua zangu zote. Nilibadilisha majina tu. Mama alipozeeka nikamleta aishi nasi, chumba cha nyuma kinachotazama kamba ya nguo. Nikamnunulia pasi ya umeme. Aliitazama akasema ni ya wavivu, lakini anaitumia.

Mwaka huu akaja na habari. Shule ya msingi ya jirani imefungua darasa la watu wazima, Jumatano na Jumamosi alasiri, na yeye ameshajiandikisha.

"Umri huu, Mama?" nikauliza.

"Umri ndio huu huu nilio nao," akasema. "Mwingine sikupewa."

Nilicheka. Sikuona hatari iko wapi. Alianza na irabu, akaja ba be bi bo bu, na neno la kwanza zima aliloliandika, kwa chaki, kwenye mlango wa chumba chake, lilikuwa pasi. Nyumba ikajaa sauti yake. Alisoma kopo la unga, sabuni, kalenda, mgongo wa fulana yangu. Nilimjivunia mbele ya wateja. Mjinga ni mjinga hata akiwa na taipureta.

Jumapili moja, wakati wa chakula, akasema: "Mwalimu ametupa kazi. Jumamosi kila mtu aje na maandishi ya nyumbani kwake, asome mbele ya watu. Jamaa zetu wamekaribishwa."

"Utasoma nini, mama?" mke wangu akauliza.

"Mimi tena nitatafuta nini?" Mama akasema. "Si nina barua."

Chakula kilinikwama. Mke wangu alinipiga mgongoni akidhani ni mfupa.

Nilichofanya baada ya hapo nakieleza haraka kwa sababu nakionea haya kuliko hata kile cha utoto. Utotoni nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa nina arobaini na saba. Nilichukua karatasi, nikaiga mwandiko wangu wa zamani ule wa kuegemea nyuma, nikaandika barua aliyoijua Mama. Mpiga pasi, mikono, yote. Niliandika kwa kaboni ili ifanane. Niliipaka chai isiyo na maziwa, nikaianika juani, nikaikunja na kuikunjua mpaka ikachoka. Jumatano Mama alipokwenda darasani, nikafungua kopo la biskuti na kubadilisha. Ya zamani sikuweza kuichana. Niliiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazi, chini ya barua za watu.

Na dole? Dole nilitia langu. Nachovya madole ya watu kila siku. Wakulima, wafua nguo, wapasua mawe. Nikiona alama naweza kukwambia mtu anashika jembe au sindano. Nikachovya langu, nikalikandamiza chini ya karatasi, nikaona kazi imekwisha. Lile la Mama hata halikunijia akilini.

Ijumaa alasiri nilirudi mapema. Mama alikuwa chumbani kwake anapiga pasi gauni la kesho. Barua ilikuwa imetandazwa mwisho wa meza, na kopo la biskuti liko wazi pembeni.

"Njoo hapa, baba," akaniita. Akizungumza nami kwa upole huniita baba. Nikaenda.

Akasimamisha pasi. Akaweka dole lake la kulia juu ya karatasi, kando ya lile la zambarau, kama anayelinganisha viatu vya watoto wawili.

"Hili ni dole la nani?"

Nilitazama. Lake lilikuwa na kovu limelipasua katikati. La kwenye karatasi lilikuwa zima, mistari imezunguka vizuri, safi, dole la mtu anayekaa kwenye kiti.

"Mimi nimepoteza macho kidogo, sijapoteza dole," Mama akasema. "Lete barua yangu."

Nilikwenda mpaka getini na kurudi, na njiani sijui nilisalimiwa na nani. Nilipompa ile barua ya zamani hakuifungua. Aliiweka juu ya kola ya gauni, akaipitishia kiganja.

"Nimekwisha kuisoma," akasema. "Wiki tatu sasa."

"Mama..."

"Ngoja. Nilikuwa nataka kuisoma peke yangu kwanza, kabla sijamsomea mtu. Nikaanza kutafuta pasi. Pasi nalijua, ndilo neno langu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikapita mstari kwa mstari kwa kidole. Pasi halimo." Akageuza gauni upande wa pili. "Nikadhani sijui kusoma. Nililia, nikadhani kichwa changu ni kibovu. Nikaanza upya, herufi kwa herufi. Ndipo nikaona kumbe najua kusoma."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa ambalo ningelipima na maneno hayo. Nilitaka anipige na hiyo pasi.

"Hili neno, hohehahe," akasema. "Ndiyo nini?"

Mimi, niliyeliandika mara elfu! Mimi, niliyejua kikombe cha karani kinawekwa wapi! "Ni maskini tu, Mama," nikasema. "Ni neno la barua."

"Maskini nalijua. Ungetaka kuandika maskini ungeandika maskini, akili unazo. Haya, nitamuuliza mwalimu." Pasi ikaenda na kurudi. "Na kule shuleni? Wazazi kutoingia. Ilikuwa sheria ya shule au sheria yako?"

"Yangu."

Alipiga pasi mkono wa gauni, akaugeuza, akaupiga tena ingawa ulikuwa umekwisha kunyooka. Nilisimama pale kama nguo iliyosahauliwa kambani. Hatimaye akachomoa waya ukutani.

"Kesho uje," akasema. "Usimtume mkeo. Uje wewe."

Usiniulize nililalaje. Asubuhi nilimweleza mke wangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi vaa shati safi," na hilo ndilo alilosema.

Darasa lilikuwa la watoto wa madarasa ya chini, madawati mafupi, wazee wamejikunja ndani yake magoti juu. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Alianza mlinzi mstaafu, akasoma maelezo ya chupa ya dawa ya kikohozi: "Ti-ki-sa ka-bla ya ku-nywa." Tulipiga makofi, akainama kama mbunge. Mwanamke anayeuza mboga akasoma kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Halafu mwalimu, dada mmoja mpole mwenye miwani, akamwita Mama.

Mama alisimama mbele na gauni lake la kola. Akakunjua karatasi polepole.

"Barua hii ni yangu," akasema. "Ina dole langu."

Akaanza kusoma, kidole kikitangulia na sauti ikifuata. Salamu zikapita, kichwa cha barua kikapita. "Ma-ma ya-ngu. Mama yangu ni... ho-he-ha-he."

Mlinzi akaangua kicheko. "Lo! Hilo neno linacheka lenyewe!" Darasa likacheka naye, bila ubaya, kama wanavyocheka wateja wangu. Mama aliwasubiri wamalize.

"Mwalimu, maana yake nini?"

Mwalimu akavua miwani. Nadhani alishaanza kuhisi jambo. "Ni fukara kabisa, mama. Maskini anaweza kuwa na ndugu wa kumkimbilia. Hohehahe hana kitu, na hana mtu."

"Ahaa," Mama akasema, akarudi kwenye karatasi. "Hana mu-me. Hana ndu-gu. Hana ka-zi."

Kicheko kiliisha. Nusu ya watu mle ndani walikuwa wamewahi kuvaa shati lililotoka mikononi mwake. Mlinzi aliinamisha kichwa, na nikakumbuka sare yake ya kazini ilivyokuwa ikining'inia kwenye msumari wetu kila Jumapili. Mama aliendelea mpaka "hana kitu wala mtu", akasimama hapo.

"Nani huyo aliyekuandika hivyo?" muuza mboga akauliza kwa hasira. "Hana kazi! Wewe!"

"Mtoto mmoja," Mama akasema. "Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa anataka sana shule."

Hakutazama mlangoni. Nilielewa kwamba ameuacha mlango wazi kwa makusudi. Ningeweza kuinuka kimya nikatoka, na hakuna mle ndani ambaye angejua. Hata baada ya yote alikuwa bado ananifichia aibu kabatini, kama ya wale ndugu wa suti moja. Nilimwonea haya mpaka nikasikia miguu inasimama yenyewe.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya kitoto. "Ni mimi niliyeandika. Na nilijua ninachoandika. Kazi alikuwa nayo. Ndiyo iliyonilisha, ndiyo iliyonivisha, nami nikaiona inanuka."

Watu waligeuka wote. Hakuna aliyekohoa. Mama aliniangalia juu ya karatasi, kwa muda, kama anavyoiangalia nguo kabla hajaamua moto wake. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Umesema hohehahe hana mtu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyeandika alikosea. Kitu sikuwa nacho. Mtu ninaye, yule pale amesimama." Akanipungia mkono, kama anayefukuza kuku mezani. "Kaa chini, mwanangu. Sijafika kwenye dole."

Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenigusa kidevu, naye akaendelea kusoma.